Dharra Iliyomo Chumvini: Ayodini ya Jikoni na Ayodini ya Hospitalini



Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa akina mama, limo moja linalorudi kwa sura mbalimbali: je, ayodini ni dawa au ni sumu? Mama mmoja ameambiwa kliniki kwamba, maadamu ni mjamzito, ahakikishe chumvi anayopikia ina ayodini. Mwingine, mwenye maradhi ya tezi, ameelezwa na daktari kuwa atapewa ayodini ya kumeza, lakini sharti kwanza ipimwe kama ana mimba, na ikiwa ananyonyesha amwachishe mtoto ziwa. Jina ni moja, na maagizo yapingana. Si ajabu basi kwamba wako waliosusa chumvi ya dukani kwa hofu, na wako waliokubali dawa pasi na kusema kuwa wamechelewa siku zao.

Jibu la swali hili halimo katika chupa wala katika pakiti. Limo ndani ya kitu kidogo kuliko vyote tunavyovigusa, nacho ni atomi. Wiki hii twawaomba wasomaji wetu watuvumilie tuingie humo ndani, kisha turudi jikoni na hospitalini tukiwa na macho mapya.

Neno tulilolizoea

Kila mtoto aliyepita chuoni amehifadhi Suratu Zilzala, na ndani yake limo neno dharra. Wafasiri wa kale walilieleza kuwa ni sisimizi mdogo mno, au ile chembe ya vumbi ionekanayo mwale wa jua upenyapo dirishani. Waarabu wa zama hizi wamelichukua neno hilo hilo wakaifanya kuwa jina la atomi. Hatusemi kwamba sura hiyo ni somo la kemia. Yenyewe yazungumzia amali za mja na hesabu yake. Twasema tu kwamba binti aliyelizoea neno hili tangu utotoni hana sababu ya kuliogopa anapokutana nalo darasani kwa jina lake la kizungu.

Atomi ni ndogo kiasi kwamba ukizipanga milioni 10 mstari mmoja, urefu wake ni kama milimita 1 tu. Mwingereza John Dalton, katika kitabu alichoanza kukichapisha mwaka 1808, alieleza kwamba kila elementi ina atomi zake za namna moja, na kwamba vitu vingine vyote ni matokeo ya atomi hizo kuungana kwa hesabu maalumu. Dalton alizidhani kuwa ni punje zisizogawanyika. Karne iliyofuata ilionyesha kuwa ndani ya punje hizo mna nyumba nzima.

Walichokikuta ndani

Mwaka 1897 J. J. Thomson, huko Cambridge, alitambua chembe nyepesi mno zenye chaji hasi. Hizo ndizo elektroni. Likabaki swali: ikiwa ndani ya atomi mna chaji hasi, chaji chanya inayoisawazisha iko wapi? Thomson alidhani imeenea kote, na elektroni zimo ndani yake mfano wa zabibu ndani ya mkate.

Jawabu lilipatikana Manchester, katika maabara ya Ernest Rutherford. Wasaidizi wake, Hans Geiger na Ernest Marsden, walirusha chembe zenye chaji chanya kwenye jani jembamba la dhahabu. Chembe nyingi zilipenya kana kwamba hapana kitu. Chache sana ziligeuka na kurudi zilikotoka. Mwaka 1911 Rutherford alitoa maelezo: atomi karibu yote ni uwazi, na katikati yake mna kiini kidogo mno, kizito, chenye chaji chanya yote. Lau kiini kingekuwa punje ya pilipili manga, basi atomi nzima ingekuwa na upana wa uwanja wa kandanda au zaidi, na baina ya punje hiyo na mipaka ya uwanja hamna ila elektroni.

Baadaye Rutherford alionyesha kuwa ndani ya kiini mna chembe zenye chaji chanya, akaziita protoni. Protoni moja ina uzito wa takriban elektroni 1,836. Na mwaka 1932 James Chadwick aligundua jirani yake wa kiinini, ambaye uzito wake wakaribia ule wa protoni ilhali hana chaji yoyote. Huyo ndiye nyutroni. Wataalamu wa leo wameingia ndani zaidi, wakaeleza kuwa protoni na nyutroni nazo zimeundwa kwa chembe tatu tatu ziitwazo kwaki. Lakini kwa haja yetu ya leo, protoni, nyutroni na elektroni zatutosha, kwa sharti tujue kila moja ina kazi gani.

Protoni ndizo zinazotoa jina. Atomi yenye protoni 1 ni haidrojeni, yenye 6 ni kaboni, yenye 8 ni oksijeni, yenye 26 ni chuma, yenye 79 ni dhahabu. Ukibadilisha idadi hiyo, umebadilisha kitu chenyewe.

Elektroni ndizo zinazofanya ujirani. Atomi hushikana, huachana, hupeana na kunyang'anyana kupitia elektroni zake za nje. Kila upikaji, kila uchachu wa hamira na kila kutu ya sufuria ni mambo ya elektroni, na kiini hakiguswi kamwe.

Nyutroni ndizo zinazosaidia kukishikilia kiini. Protoni zote zina chaji moja, nazo husukumana. Nyutroni huongeza nguvu ya kuziweka pamoja bila kuongeza msukumano. Zikiwa kwa kiasi kinachofaa, kiini hutulia daima. Zikizidi au zikipungua, kiini hakitulii.

Tushike neno hilo la mwisho, kwani ndilo ufunguo wa swali letu.

Chumvi chunguni

Kaskazini mwa Malindi, pande za Gongoni na Marereni, maji ya bahari huingizwa katika mashamba mapana, jua likayakausha, ikabaki chumvi. Chumvi hiyo ni muungano wa atomi za sodiamu na klorini. Sodiamu ina elektroni 11, na ile moja ya nje haikushikwa sana. Klorini ina elektroni 17, na yahitaji moja tu kukamilisha safu yake. Sodiamu hutoa, klorini hupokea, na chaji zinazobaki huzivuta pamoja. Sodiamu ikiwa peke yake hulipuka ikitiwa majini. Klorini ikiwa peke yake ni gesi yenye sumu. Zikiungana ni kitoweo. Tazama jinsi elektroni moja inavyogeuza hali ya mambo.

Wengi wetu wa mwambao hudhani kwamba chumvi ya bahari, kwa kuwa imetoka baharini, bila shaka ina ayodini ya kutosha. Sivyo. Samaki wa baharini wana ayodini, lakini chumvi inayobaki baada ya maji kukauka ina kiasi kidogo mno. Ndiyo maana sheria ya Kenya yataka chumvi ya kula itiwe ayodini kiwandani, na ndiyo maana chumvi ya mawe inayouzwa kwa kopo bila ya pakiti wala maandishi haimpi mama uhakika wowote.

Ayodini ni atomi yenye protoni 53. Mwili huihitaji kwa ajili ya tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo kwa umbo la kipepeo. Tezi hii huikusanya ayodini kutoka damuni na kuitengenezea homoni. Homoni yake kuu, thairoksini, huwa na atomi 4 za ayodini katika kila molekuli. Ayodini ikikosekana, tezi hujitutumua kuitafuta, na shingo huvimba ikawa rovu. Hilo laonekana kwa macho. Lisiloonekana ni kubwa zaidi: mtoto aliye tumboni hutegemea homoni hizi ili ubongo wake ukue. Upungufu mkubwa huweza kuleta kuharibika kwa mimba, au mtoto kuzaliwa na udumavu wa akili usioponyeka, na hata upungufu wa wastani huweza kupunguza uwezo wa mtoto wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani lapendekeza maikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mjamzito na anayenyonyesha. Kiasi hicho chote cha siku ni chini ya theluthi moja ya milligramu, na bado akili ya mwanadamu yakitegemea.

Ndugu moja, tabia mbili

Ayodini ya chumvini ina protoni 53 na nyutroni 74. Ukijumlisha wapata 127, na kwa hiyo wataalamu huiita ayodini-127. Kiini chake kimetulia. Kilivyo leo ndivyo kitakavyokuwa kesho na keshokutwa.

Ayodini ambayo daktari huitumia kutibu tezi ina protoni 53 vilevile, lakini nyutroni zake ni 78. Jumla ni 131. Maadamu protoni ni zile zile, hii nayo ni ayodini halisi. Elektroni zake ni 53 kama za mwenzake, na kwa sababu hiyo hujiunga na vitu vingine kwa namna ile ile. Tofauti yao ni nyutroni 4 tu. Atomi za jinsi hii, zenye protoni sawa na nyutroni mbalimbali, huitwa isotopu.

Nyutroni hizo 4 za ziada zakifanya kiini kisitulie. Hufika wakati nyutroni moja ikageuka protoni, na kwa kugeuka huko elektroni hutupwa nje kwa kasi kubwa. Kiini sasa kina protoni 54, na hivyo si ayodini tena bali ni gesi iitwayo zenoni. Pamoja na hayo hutoka mwale wa gama, ambao ni jamii moja na mwanga lakini wenye nguvu zaidi. Huu ndio unururifu. Elektroni iliyotupwa husafiri milimita chache tu ndani ya nyama ya mwili na kuziharibu seli inazopita. Mwale wa gama huweza kutoka nje ya mwili na kumfikia aliye karibu.

Sasa jawabu la swali letu li wazi. Tezi haioni viini. Yatambua elektroni tu. Ikiletewa ayodini-127 huichukua, na ikiletewa ayodini-131 huichukua vile vile, kwani kwake zote ni ayodini. Kwa mgonjwa ambaye tezi yake yafanya kazi kupita kiasi, au aliyeondolewa saratani ya tezi, kutotofautisha huku ni rehema: dawa hujipeleka yenyewe mahali palipokusudiwa na kuziharibu seli za tezi kwa ndani, bila ya kisu. Kwa mtoto aliye tumboni ni balaa. Kuanzia takriban wiki ya 10 hadi ya 12 ya mimba, tezi yake changa huanza kuivuta ayodini, nayo itaivuta hii kama ile, na huweza kuharibika moja kwa moja. Anayenyonya naye huipata kupitia maziwa ya mama.

Ulimwengu ulilijua hili kwa gharama kubwa. Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl, nchini Ukraine, kililipuka. Ayodini-131 ilianguka malishoni, ng'ombe wakala nyasi, watoto wakanywa maziwa. Katika miaka iliyofuata maelfu ya waliokuwa watoto wakati huo walipata saratani ya tezi. Sehemu nyingi za huko zilikuwa na upungufu wa ayodini katika chakula, na tezi zenye njaa zilivuta zaidi ile yenye madhara. Nchini Poland, mamilioni ya watoto waligawiwa ayodini iliyotulia mapema, ili tezi zao zishibe zisipokee nyingine. Ayodini moja ikawa ngao dhidi ya nduguye.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, jikoni. Tununue chumvi yenye maandishi kwamba imetiwa ayodini, na tuihifadhi katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na mvuke na jua, kwani unyevu na joto huipunguza. Tuitie chunguni mapishi yanapokaribia kwisha. Wala maana yake si kuzidisha chumvi. Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja kidogo cha chai. Wala tusijinunulie vidonge vya ayodini kwa kubahatisha, kwani kuzidi kwake nako huivuruga tezi.

Pili, hospitalini. Kabla ya dawa yoyote ya mionzi, na kabla ya picha ya eksirei, mwanamke aseme waziwazi ikiwa ana mimba, ikiwa huenda anayo, au ikiwa ananyonyesha. Twajua uzito wa jambo hili kwetu. Haya ni pambo la mwanamke, na si rahisi kumtajia mwanamume mgeni habari za siku. Lakini haya haikuwekwa ili imdhuru mtoto. Mama ana haki ya kuomba azungumze na mhudumu wa kike, au aandike kwenye karatasi, au asemewe na mumewe au mamake. Lisilojuzu ni kunyamaza.

Tatu, kwa anayenyonyesha. Akihitaji ayodini-131, daktari humtaka aache kunyonyesha wiki kadhaa kabla ya kuimeza, ili maziwa yakauke na kifua chenyewe kisipate mionzi, na mtoto huyo hatarudishwa ziwani. Mtoto wa uzazi utakaofuata atanyonya kama kawaida. Aidha, mimba mpya hungojewa kwa muda, aghalabu miezi 6 au zaidi. Haya ni mambo ya kupangwa na daktari na mume pamoja, mapema, na tiba mara nyingi huweza kungoja.

Nne, nyumbani baada ya tiba. Ayodini-131 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8. Kilichokuwa 100 leo kitakuwa 50 baada ya siku 8, kisha 25 baada ya 16, kisha 12 na nusu baada ya 24. Ikifika siku ya 80 hubakia takriban sehemu 1 katika 1,000, na mwilini hupungua upesi zaidi kwa kuwa nyingine hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo mama huambiwa kwa siku kadhaa alale peke yake, asiwapakate watoto, ajitenge na wajawazito, anywe maji kwa wingi na aoshe choo vizuri. Twaomba mawifi, mama wakwe na majirani waelewe: mama huyu hana ugonjwa wa kuambukiza, wala hakufanya la aibu. Anawalinda watoto wenu. Apelekewe chakula mlangoni, asaidiwe watoto, na asisengenywe.

Tano, tusichanganye mambo. Picha ya eksirei haimwachii mtu unururifu. Mwale wake wazimika mashine inapozimwa, kama taa. Mama aliyepigwa eksirei ya kifua aweza kumnyonyesha mwanawe saa hiyo hiyo. Tuliyoyaeleza kuhusu kuachisha ziwa yahusu dawa yenye unururifu inayoingia mwilini.

Elimu hii ni ya nani

Wako wasemao kwamba mambo ya atomi si ya mabinti. Tuwajibu kwa mfano wa Samira Musa, mzaliwa wa Misri mwaka 1917. Alisoma Chuo Kikuu cha Cairo, akabobea katika mionzi, na akaendeleza utafiti wake Uingereza. Alikuwa amempoteza mamake kwa saratani, na azma aliyokumbukwa nayo ni kwamba tiba ya nyuklia ipatikane kwa wepesi na kwa bei ndogo mithili ya aspirini. Alifariki katika ajali ya gari huko Marekani mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 35. Na kabla yake Marie Curie alikuwa amekwisha kutunukiwa Nobeli mara mbili, mwaka 1903 na 1911, kwa kazi juu ya unururifu.

Nasi wa mwambao tuna haja ya karibu zaidi. Serikali ilipopendekeza kinu cha nyuklia huko Uyombo, Kaunti ya Kilifi, wakazi wengi walipinga na wengine wakaunga mkono. Si kazi ya safu hii kuamua baina yao. Lakini mkutano ambao mama ndani yake hajui tofauti ya kiini kilichotulia na kisichotulia ni mkutano ambao wengine watamwamulia. Binti akija na kitabu chake cha kemia, akakuta mamake ajua kwamba protoni hutoa jina, elektroni hufanya ujirani na nyutroni hushikilia nyumba, hatalikimbia somo lile.

Nyutroni 4 ndizo zinazotenganisha chumvi iliyomo chunguni na dawa ambayo mjamzito haigusi. Tuzijue, na tuwajulishe walio karibu nasi.

Wabillahi tawfiq.